Nyumba ya vyumba vitatu Bamburi: tukague nini kabla ya kulipa?

Mpangaji wa Tudor:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Sisi ni jamaa ya watu sita, pamoja na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti, na tunakusudia kuhama Tudor, hapa Mombasa, kwa sababu nyumba tuliyonayo imetubana. Tumeonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala huko Bamburi, orofa ya tatu, katika jumba jipya lisilo na lifti. Dalali anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya miezi miwili kabla hatujauona mkataba. Kwa kuwa hiyo ndiyo akiba yetu yote, naomba wenye uzoefu mnishauri.

Mkaazi wa Bamburi:
Waalaikumu salaam, dada yangu. Anza na maji. Marumaru na rangi za kuta zisikushughulishe kwanza. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka nje ya kaunti, yaani Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na bomba likipasuka njiani au pampu zikikosa umeme, mifereji hukauka huku kwetu, ndipo majumba mengi yakafungulia maji ya kisima, ambayo aghalabu yana chumvi. Kwa hiyo usiulize tu kama maji yapo, bali uliza ni maji gani, huja siku zipi, na tangi la chini linachukua lita ngapi. Fungua mfereji wa jikoni na wa bafuni, uyaonje, kisha unawe kwa sabuni: sabuni ikikataa kutoa povu, umeshapata jibu. Chungulia pia mdomo wa bomba la mvua, kwani ukoko mweupe hauwezi kufichwa na rangi mpya. Zaidi ya hayo, jueni mapema ni nani atakayelipia bouza la maji, yaani lori la tangi, kwa sababu pengine wapangaji huchangishwa juu ya kodi, na watu sita hutumia maji mengi.

Msomaji wa Kisauni:
Usilipe kitu kabla ya kusoma mkataba, na ukilipa, amana iende kwa mwenye nyumba mwenyewe kwa risiti. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kodi ya Bamburi imekipita mbali, kwa hivyo kinga yenu kubwa ni maandishi. Mkataba utaje amana itarudishwa lini, ni makato gani yanayokubalika, na kodi itapandishwa kwa utaratibu gani. Siku ya kupokea funguo, pigeni picha za kila chumba mbele ya msimamizi. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Mama wa Mtopanga:
Mwanangu, mimi naona jambo la kwanza ni ngazi. Mwenye magoti mabovu akipandishwa orofa ya tatu atakuwa mfungwa wa chumbani. Tafuteni ya chini, yenye madirisha pande mbili zinazokabiliana ili upepo upite, la sivyo joto la kaskazi, hasa mwezi wa Februari na Machi, litawanyima usingizi.

Mpangaji wa Tudor:
Ahsanteni sana. Nimemwambia dalali kwamba hatutalipa kabla ya kuupata mkataba, naye amekiri kuwa katika jumba hilohilo kuna nyumba ya chini itakayoachwa wazi mwisho wa mwezi. Tutakwenda kuikagua Jumamosi, na mifereji yote nitaifungua mwenyewe.