Biogesi ya mabaki ya chakula: tangi linapanda ila gesi haiwaki

Fundi_Mabomba
Wakuu, naombeni msaada. Mtambo ni wa matangi mawili ya plastiki: la chini lita 1,000, la juu lita 750 limepinduliwa ndani yake. Ulianzishwa kwa kinyesi cha ng'ombe na maji, nusu kwa nusu. Sasa unalishwa ugali, wali na maganda ya viazi, kilo 10 kwa siku. Tangi la juu linapanda vizuri, lakini kiberiti kinazimika hapohapo, na tope linanuka siki.

Mtaalamu_Samadi
Hiyo harufu ya siki imeshasema yote: mtambo umechachuka. Bakteria wanaovunja wanga wana kasi kuliko wanaotengeneza methani, ile gesi inayowaka, na methani ikikwama kinachoinua tangi ni hewa ukaa, ambayo haiwaki. Pima tope kwa karatasi ya pH, yaani ya kupimia uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi. Chini ya 6.5 acha kulisha kabisa. Mimina ndoo mbili za kinyesi kibichi kilichokorogwa na maji. Ikigoma, koroga gramu 100 za chokaa kwenye ndoo ya maji, mimina, pima kesho yake, ndipo urudie. Ukifika 7 inatosha. Tangi likishuka baada ya chokaa usishtuke, chokaa inafyonza hewa ukaa.

Jiko_Bluu
Naongezea. Kilo 10 kwa lita 1,000 ni kuuvimbisha tumbo tu. Ukishapona anza na nusu kilo, uongeze nusu kila wiki, usivuke kilo 2. Saga, changanya na maji. Kilo 2 hutoa kama lita 200 za gesi, yaani nusu saa hivi ya jiko dogo. Anayeahidi kupikia siku nzima kwa tangi hilo anauza matangi.

Fundi_Mabomba
Asanteni sana. Vipi maji ya kuoshea vyombo, nayo nimwage humo?

Mtaalamu_Samadi
Hapana mkuu, sabuni inaua bakteria. Mifupa na maganda mengi ya machungwa pia weka kando.

Jiko_Bluu
Na kagua jiko. Tundu la jiko la gesi ya mtungi ni dogo mno kwa biogesi, litoboe lifike milimita 2 hivi, kisha weka tofali juu ya tangi kuongeza msukumo. Kwenye bomba jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, zilowanishe kwanza zipate kutu: ndiyo inayonasa harufu ya yai bovu iliyomo kwenye gesi. Kujaribu moto ni kwenye jiko tu, kamwe si kwenye mdomo wa tangi.