Nawezaje kutetea fedha za njia ya kukagulia daraja la reli?

Binti wa Ilala ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi sanifu upande wa miundombinu, kituo changu cha kazi ni hapa Dar. Nina daraja moja la chuma la reli ya zamani chini ya uangalizi wangu. Jina lake na lilipo naomba nisitaje. Linapitisha mizigo na pia treni ya abiria wa mjini, ile inayojaa asubuhi mpaka watu wanasimama milangoni. Mihimili yake imeungwa kwa riveti, zile pini za chuma zilizopondwa vichwa pande zote mbili, kwa hiyo wanaojua mambo haya wameshaelewa ni la enzi zipi.

Shida yangu ni kulifikia. Juu tunatembea kwenye mataruma, pembeni hakuna ubao wala pa kushika. Chini, kwenye beringi, yaani vikalio vya chuma vinavyobeba mihimili juu ya nguzo za mawe, tunapanda kwa ngazi ya mbao inayosimikwa kwenye tope, na hiyo ni pale maji yanapokuwa yamepungua. Masika hashuki mtu, na masika ndiyo wakati maji yanachimba miguu ya nguzo.

Niliandika ombi la fedha: ngazi za kudumu mbili, kijia chenye vishikio upande mmoja, jukwaa dogo kwenye kila nguzo, na waya wa kufungia mikanda ya usalama urefu wote wa daraja. Limerudi na maneno mawili matatu ya kalamu nyekundu: si kipaumbele, kodini jukwaa la mabomba likihitajika. Mwenzangu mmoja amenishauri nilibadilishe jina liitwe "vifaa vya usalama" ili lipite kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, ya buti na kofia. Sitaki. Likipita kwa mlango wa uani mwaka huu, mwakani wanalikata na sina hoja ya kusimamia.

Kinachoninyima usingizi ni jalada la ukaguzi. Nimelifungua na kurudi nyuma miaka mingi. Kwenye safu ya beringi, miandiko inabadilika lakini maneno hayabadiliki: "hali ya wastani". Hali ya wastani, hali ya wastani, hali ya wastani. Mimi nimesimama pale chini nikatazama juu, na siamini kuna mtu aliyeweza kuziona beringi zile vizuri kiasi cha kuandika neno lolote. Sasa fomu ya mwaka huu iko mezani kwangu inasubiri saini.

Naomba mnisaidie vitu viwili. Hoja ya kuwaeleza wanaoshika fedha kabla makisio ya mwaka mpya hayajafungwa, na makosa ya kiufundi ya kuepuka kwenye lile ombi. Nawasilisha.

Kijana wa Droni:

Dada, siku hizi haya mambo ni droni tu. Unairusha nusu saa, unapata picha za daraja zima, hakuna anayepanda ngazi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mnaomba mapema, basi. Gharama yake hailingani kabisa na hizo ngazi za kudumu.

Mnyapara Mstaafu:

Binti, nimefanya kazi genge la madaraja mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nakujibu kwa kitu nilichokishika kwa mikono.

Sisi tulishuka kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye reli yenyewe. Mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika nyundo, na macho yanatafuta pa kuweka mguu. Mtu wa namna hiyo hatafuti ufa. Anatafuta kurudi juu. Akifika juu anaulizwa "vipi kule?", anasema "wastani", na mwenye kalamu anaandika wastani. Hiyo ndiyo historia ya jalada lako. Usiwaone wale waliotangulia kuwa ni waongo. Walipelekwa mahali ambapo binadamu hawezi kutazama kwa utulivu.

Kijana wa droni asikasirike. Droni nzuri, itakuonyesha rangi iliyobanduka na mti ulioota kwenye ukuta. Lakini riveti iliyolegea haionekani kwa picha. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa chake, unagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ikiwa imelegea, kidole kinasikia. Wakati mwingine utaona mstari wa kutu nyekundu unaochuruzika chini ya kichwa cha riveti, ile ni dalili kwamba kuna kitu kinachezacheza kila treni ikipita. Ufa wa chuma kuchoka nao huanza pembezoni mwa tundu la riveti au kwenye kona iliyokatwa, mwembamba, umefunikwa na rangi na vumbi. Lazima usugue kwa brashi ya waya, uweke tochi ubavuni ili kivuli kiutoe. Droni haisugui.

Halafu hizo beringi. Chuma kinarefuka kwa joto. Mhimili wa mita 30, chuma kikipanda nyuzi 20 za joto kati ya alfajiri na adhuhuri, unarefuka takriban milimita 7. Kwa jua letu la Dar hizo nyuzi 20 si ajabu. Beringi ndiyo inayoruhusu mwendo huo. Sasa ijaze mchanga, kinyesi cha ndege, mifuko ya plastiki na kutu ya hewa ya chumvi, uiache miaka. Inakwama. Zile milimita haziendi mbinguni, zinasukuma jiwe la juu ya nguzo, na jiwe linapasuka. Kazi ya kuzuia yote hayo ni koleo, brashi na grisi, kazi ya watu wawili asubuhi moja. Lakini wapite wapi?

Kwa hiyo hoja yako isianze na usalama wa mfanyakazi peke yake. Waambie kwamba bila njia ile, kule chini hakuna matengenezo yanayofanyika. Kijia ni sehemu ya daraja, kilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Anayekagua na anayepaka grisi wanapita palepale.

Mhasibu wa Temeke:

Binti wa Ilala, nakubaliana na mzee, ila nikueleze linavyoonekana kutoka upande wetu wa meza. Ombi lako limeandikwa kiufundi. Mtu anayegawa ukomo wa bajeti anaona vyuma na jumla ya fedha, haoni anachokwepa kulipa.

Nenda kachukue hati za malipo za miaka iliyopita. Tafuta kila mlipokodi jukwaa la mabomba au ngazi, usafiri wake, posho za vibarua wa kulisimika na kulishusha. Halafu nenda kwa watu wa uendeshaji uwaulize njia ilifungwa saa ngapi kwa ajili ya kulisimika tu, kabla hata ya ukaguzi kuanza. Mna dirisha dogo kati ya treni za asubuhi na za jioni. Kama nusu ya dirisha inaliwa na kupandisha mabomba, hiyo nusu ina bei. Weka hesabu hiyo kando ya gharama ya ngazi za kudumu, kwa miaka 10 au 15. Usibuni hata shilingi moja. Namba iliyotoka kwenye hati za ofisi yao wenyewe hawataipinga.

Pili, gawa. Usiombe yote mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza ngazi mbili, waya wa kujifungia na majukwaa ya nguzo zenye hali mbaya zaidi. Kijia kizima kifuate. Weka kwenye mpango wa miaka mitatu ili kisianze upya kila Julai. Na hakikisha kimeingia kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, maana fedha zinaweza kutoka na bado mkakwama kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kwa sababu zabuni haikupangwa.

Tatu, usiende kwenye matumizi mengineyo, kule ndiko panga linapoanzia. Hii ni miundombinu. Tozo ya maendeleo ya reli ilianza mwaka wa fedha 2015/16 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, na ilianzishwa kwa ajili ya reli. Muulize mkuu wako wa mipango kama kazi yako inaweza kuombewa huko. Akikataa, akatae kwa maandishi.

Na kasma ya buti na kofia usiiguse. Hapo umeamua vizuri sana.

Mhandisi wa Barabara:

Nichangie kwa tahadhari, kwa sababu naona tunaielemea sana njia ya kufikia. Pale Pittsburgh, Marekani, daraja la Fern Hollow lilianguka tarehe 28 Januari 2022, basi la abiria likiwa juu yake. Daraja lile lilikuwa linakaguliwa. Ripoti zilisema mifereji imeziba na miguu ya chuma inaliwa na kutu, zikarudia kusema, na kazi haikufanyika. Kwa hiyo dada, ukipewa ngazi bila fedha ya kurekebisha utakachokiona, utakuwa na ripoti nzuri ya daraja bovu. Kwenye ombi lako weka na kiasi kidogo cha matengenezo ya papo hapo: kusafisha beringi, kuzibua mifereji, kubadilisha riveti chache kwa bolti za nguvu.

Lakini upo mfano unaokubeba pia. Daraja la Mto Mianus, Connecticut, kipande chake kilidondoka tarehe 28 Juni 1983, watu 3 wakafariki. Mifereji ilikuwa imefunikwa, maji yakaingia kwenye viungo, kutu ikavimba kwa ndani na kukisukuma kiungo mpaka kikachomoka kwenye pini. Siku hizi Wamarekani wana sharti kwamba kiungo ambacho kikikatika daraja linaweza kuanguka kikaguliwe kwa umbali wa mkono. Nukuu hilo sharti. Hata mtu asiye fundi anaelewa umbali wa mkono ni nini, na ataelewa kwamba kutoka kwenye tope la bondeni haupo.

Kamba Mbili:

Mimi kazi yangu ni kupanda kwa kamba, minara na matangi zaidi. Yangu ni ya kiufundi.

Kila sehemu ya kujifungia ipimwe kabla ya kutumika na iwe na kumbukumbu yake. Kiwango cha Ulaya cha sehemu hizo ni kilonyutoni 12, yaani zaidi kidogo ya uzito wa tani 1.2. Msifunge mikanda kwenye bomba la kishikio, lile ni la kushika tu. Waya wa daraja zima usanifiwe na mhandisi, kwa sababu unavyonyooka ndivyo unavyovuta zaidi ncha zake mtu akianguka.

Jambo ambalo kila ombi nililowahi kulisoma linasahau ni kumshusha aliyening'inia. Mtu akianguka na mkanda ukamshika, amepona anguko, lakini akiachwa akining'inia bila kusogea damu inabaki miguuni na anaweza kufa akiwa amefungwa salama kabisa. Ni suala la dakika. Huwezi kusubiri zimamoto watoke mjini kwenye foleni ya jioni. Weka kwenye ombi vifaa vya kumshushia na mafunzo ya timu, na muwe na mtu juu wakati wote anayejua kuvitumia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama. Itaje, ila usiitumie kama fimbo. Mwombe mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, aje aone ile ngazi ya mbao, aandike mwenyewe.

Msafiri wa Asubuhi:

Mimi si fundi. Mimi ndiye ninayesimama mlangoni kwenye hiyo treni ya asubuhi. Nimesoma yote mpaka hapa. Dada, tafadhali usisaini.

Binti wa Ilala:

Asanteni sana, nyote. Mzee wangu, shikamoo, umenieleza kitu ambacho sikuwa na maneno nacho.

Msafiri, nimeamua. Kwenye safu ya beringi nitaandika "haikufikiwa", na sababu yake, na picha ya ngazi. Nguzo kwa nguzo. Nimemweleza msimamizi wangu leo, hakufurahi, lakini hakuniambia niandike vingine. Hati za malipo nimeanza kuzitafuta, na kweli jukwaa limewahi kukodiwa mara kadhaa, tena mara nyingine likarudishwa bila ukaguzi kukamilika kwa sababu dirisha liliisha.

Bado nina swali moja kwa mzee na Kamba Mbili. Eneo lile kuna wezi wa vyuma chakavu. Vifuniko vya mitaro jirani vimeshaondoka vyote. Nikiweka sakafu ya kijia ya chuma, itadumu? Na fundi wa kuchomelea aliyekuja kupima anasema atachomelea mabano moja kwa moja kwenye mhimili, ni nafuu na haraka.

Mnyapara Mstaafu:

Marahaba binti yangu.

La kuchomelea, kataa. Kataa hata kama atafanya bure. Chuma cha zamani cha namna hiyo mara nyingi hakikutengenezwa kwa kuchomelewa, na pale moto ulipogusa ndipo ufa unapoanza, hasa ubavu wa chini wa mhimili unaovutwa kila treni ikipita. Mabano yafungwe kwa vibano vinavyokumbatia mhimili, au kwa bolti kwenye matundu yaliyopo ambayo mhandisi ameyapitisha kwa hesabu. Wala asitoboe matundu mapya ovyo. Na kila bano likae mbali na riveti kiasi cha nyundo kupita, la sivyo mtakuwa mmeficha kile mnachotaka kukikagua.

Sakafu, weka ile ya nyuzi za kioo na gundi, yenye matundu. Haishiki kutu kwa hewa ya bahari na kwenye mizani ya chuma chakavu haina bei. Ngazi ziwe za chuma kilichozamishwa kwenye zinki, kipande cha chini kifungwe kwa kufuli na kianzie juu ya kimo cha mtu, ufunguo ukae kwa stesheni masta na kitabu cha kusaini. Bolti za mabano zipondwe ncha baada ya kukazwa ili nati zisifunguke kwa spana.

Nitumie mchoro kabla hujaupeleka. Macho bado yanaona.