Mfumo wangu unaonyesha pesa zaidi ya zilizoko kwenye akaunti: nihamie lugha gani ya programu?

KijanaMajengo

Assalam aleikum wanajukwaa, na hamjambo nyote. Naomba ushauri, na naomba mnijibu upesi maana wiki hii usingizi umenipaa.

Kuna mteja nilimtengenezea mfumo wa kuweka rekodi za michango. Watu wanalipa kwa M-Pesa, taarifa ya malipo inaingia kwenye seva yangu, mfumo unajumlisha na kila mtu anaona salio lake kwenye simu. Nimeuandika kwa JavaScript, data iko kwenye hifadhidata ya MySQL. Shida ni kwamba jumla ya mfumo imezidi pesa zilizoko kwenye akaunti. Nikasoma kwamba JavaScript haiaminiki kwa hesabu, na nimejaribu mwenyewe: 0.1 + 0.2 inanipa 0.30000000000000004.

Kwa hivyo swali langu ni moja tu. Nikiuandika upya nitumie Go, Java au Python? Mimi naegemea Go.

PwaniPython

Python, ndugu yangu. Unaandika mistari mitatu umemaliza, mwenzako wa Java bado anatangaza klasi. Halafu Decimal, ya kupiga hesabu za desimali kamili, imo ndani yake, hupakui chochote. Mjadala umefungwa.

Mzee_wa_Seva

Haujafungwa. KijanaMajengo, hiyo 0.1 + 0.2 ijaribu kwenye Python, utapata jibu lile lile mpaka tarakimu ya mwisho. Java vilevile. Kompyuta inahifadhi nambari kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi ukiiandika kwa msingi wa mbili haiishi, kama moja ya tatu isivyoisha kwa desimali. Inabidi ikatwe mahali. Namna ya kuikata imewekwa na kiwango cha IEEE 754 tangu 1985, na lugha zote tatu ulizotaja zinakifuata. Go itakuhadaa zaidi: ukiandika 0.1 + 0.2 hivyo hivyo itakuonyesha 0.3, kwa sababu inazipiga hesabu kabla programu haijaanza. Ziweke kwenye vigezo viwili vya float64, yaani nambari za nukta za biti 64, ujumlishe, na ile 4 ya mwisho inarudi.

Pesa haziwekwi kwenye float. Ziweke kwa senti, nambari nzima, shilingi 700 iwe 70000. Kwenye MySQL tumia aina ya DECIMAL, inayohifadhi desimali kamili. Na wale wa Java, BigDecimal mpeni maandishi "0.1", msimpe 0.1 tupu, kosa litaingia naye.

Sasa nijibu: imezidi kiasi gani? Na mfumo umeanza kutumika au bado ni majaribio?

BintiNyali

Mimi JavaScript ilinitesa kwa tarehe, wala si kwa pesa. Nilikuwa natengeneza mfumo wa vyumba kwa hoteli moja huku Nyali. Mgeni anaweka chumba cha tarehe 5 Julai, mapokezi wanaona 5 Agosti. Kumbe ukiunda tarehe kwa nambari, Januari ni 0, kwa hivyo 7 ni Agosti. Lakini siku zinaanza na 1! Ukiipa tarehe kama maandishi "2024-07-05" inaisoma sawasawa, ila inaichukua kuwa usiku wa manane wa saa za UTC, saa za kimataifa, yaani saa tisa usiku kwetu. Familia nzima imesimama mapokezi na masanduku, na chumba hakipo. KijanaMajengo, hebu angalia tarehe zako pia. Malipo ya usiku wa mwisho wa mwezi yanaingia mwezi gani?

Nahodha_wa_Likoni

Msidharau hiyo moja ya kumi. Tarehe 25 Februari 1991, vita vya Ghuba, mtambo wa Wamarekani wa makombora ya kujikinga, Patriot, kule Dhahran, Saudia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud la Iraq. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Saa yake ilikuwa ikihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile moja ya kumi ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Mtambo uliachwa ukiwaka kama saa 100 mfululizo, kosa likajikusanya mpaka theluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Kila nikifundisha vijana naanza na kisa hiki.

KijanaMajengo

Ahsanteni. Unatumika tayari. Tofauti si kubwa sana. Hayo ya senti nitayaweka kwenye Go, nimeshaanza, nina faili kadhaa tayari. Nilichotaka ni mtu aniambie kama Go inafaa.

Mzee_wa_Seva

"Si kubwa sana" si nambari. Imezidi ngapi, na pesa ni za nani?

KijanaMajengo

Shilingi 4,200.

Haya, niseme yote. Si mteja. Ni chama cha akina mama wa mtaani kwetu, kila mmoja anachanga 700 kwa wiki. Na mweka hazina ni mamangu mzazi. Mfumo unasema pesa ni kadhaa, akaunti inasema kuna pungufu ya 4,200, na mwenye kushika simu ya chama ni yeye peke yake. Hakuna aliyemwambia neno usoni, lakini juzi mmoja alimuuliza mbele ya watu kama anajua kusoma taarifa ya akaunti. Mamangu amekuwa mweka hazina tangu mimi niko darasa la nne. Jumapili kuna mkutano.

Mpango wangu ni huu, na naona unafaa: nimekopa 4,200 kwa rafiki. Ijumaa nazituma kwenye akaunti ya chama, hesabu zinalingana. Jumamosi usiku nauzima mfumo wa zamani na kuwasha wa Go. Jumapili hakuna wa kusema kitu. Kama bado kutakuwa na senti za ziada nitazisawazisha kwa UPDATE, amri ya kubadilisha data.

MamaSalma

Mwanangu, usifanye hivyo. Nakwambia kama mzazi. Pesa ya chama ni amana, na amana haifunikwi, inaelezwa. Mimi niko kwenye vyama viwili hapa Mombasa, najua macho ya wanawake wakishaanza kuhesabu. Ukituma hizo 4,200, taarifa ya akaunti itaonyesha jina lako, tarehe, na kiasi kile kile kilichopungua. Mtoto wa mweka hazina karudisha pesa siku mbili kabla ya mkutano! Utakuwa umemtia mamako hatiani kwa mkono wako, na yeye hajui hata unachofanya. Anajua?

KijanaMajengo

Hajui. Nataka asijue ndiyo maana. Ana presha.

Nahodha_wa_Likoni

Na hiyo UPDATE usiku wa manane ukiwa na wasiwasi... Ukisahau WHERE, inayosema ni mistari ipi ibadilishwe, salio la wanachama wote linakuwa sawa. Mwenzangu alifanya hivyo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bidhaa zote zikawa bei ya msumari. Ukilazimika, anza na BEGIN, tazama ni mistari mingapi imeguswa, ndipo uandike COMMIT ya kuthibitisha.

PwaniPython

Bei ya msumari! Ningekuwa jirani ningeezeka mabati siku hiyo hiyo.

Shahidi_wa_Tudor

Wanajukwaa, mnalishwa hadithi. Nimekaa kimya nikisoma, na hesabu hazikubali.

Nambari ya float ya biti 64 ina tarakimu 15 mpaka 17 za uhakika. Jumla ikiwa kama nusu milioni, kosa la kujumlisha mara moja halifiki sehemu moja ya bilioni kumi ya shilingi. Jumlisha mara milioni, hujapata hata senti moja. Huyu anatuambia 4,200. Tena shilingi nzima kavu, bila hata nukta. Desimali haikosei shilingi nzima. Na mchango ni 700, desimali imetoka wapi hasa?

Halafu tazameni ilivyopangwa: kwanza mteja, kisha chama, kisha mama, kisha presha. Njia ya mwongo ni fupi. Huyu anatafuta huruma, au kesho atatuomba hizo 4,200.

PwaniPython

Kweli bwana. Nami nilijiuliza hiyo nukta iko wapi.

BintiNyali

Hata kama ni hadithi, ushauri utamfaa mwingine. Lakini Shahidi, lugha yako kali. Mtu akitetea mamake hivi si lazima awe tapeli.

KijanaMajengo

Shahidi, sijamwomba mtu hata shilingi. Desimali zipo: chama kinakopesha wanachama kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, ndizo zilizonitia shaka. Unataka ushahidi, huu hapa. Rekodi ya seva, Jumanne iliyopita. Nimeficha majina na nimeacha herufi tatu za mwisho za kila muamala:

20:52:41 imepokelewa 700 …T7B
21:14:07 imepokelewa 700 …K4Q
21:14:38 imepokelewa 700 …K4Q
21:40:19 imepokelewa 700 …M0X

Mtu anaketi kubuni haya?

Mzee_wa_Seva

Wewe! Soma mstari wa pili na wa tatu. K4Q na K4Q, sekunde 31 mbali. Nambari ya muamala wa M-Pesa haijirudii. Hayo ni malipo mamoja yaliyoandikwa mara mbili.

Endesha hii, ni ya kusoma tu, haibadilishi kitu:

SELECT nambari, COUNT(*) FROM malipo GROUP BY nambari HAVING COUNT(*) > 1;

Na uniambie: taarifa ya malipo ikikufikia, msimbo wako unafanya nini kabla ya kujibu kwamba umeipata?

KijanaMajengo

Unaandika malipo, unamtumia mwanachama SMS ya shukrani, kisha unajibu.

Imetoa mistari sita. Kila mmoja 2.

Shahidi_wa_Tudor

Sita mara 700 ni 4,200. Basi hesabu yangu ilikuwa sawa, desimali haihusiki. Na wewe si mwongo. Nimeyaondoa niliyosema.

Mzee_wa_Seva

Ndiyo hiyo. SMS ikichelewa, jibu lako linachelewa. Aliyetuma taarifa akiona kimya anaweza kudhani hukuipata, anaituma tena, nawe unaiandika tena. Hili liko kwenye kila lugha, na mfumo wowote unaopokea taarifa kupitia mtandao lazima utegemee kwamba taarifa moja inaweza kuja mara mbili. Go yako ingezipokea zote mbili vilevile, na kwa kasi zaidi.

Kwanza piga bekapu kwa mysqldump, uihamishe nje ya seva. Pili geuza mpangilio: andika, jibu papo hapo, SMS ifuate baadaye. Tatu, nambari ya muamala iwe UNIQUE, yaani isikubali kujirudia, ndani ya MySQL kwenyewe. Usitegemee kuangalia kwa msimbo "je, ipo?" halafu kuandika, kwa sababu taarifa mbili zikifika kwa pamoja zote zitaambiwa haipo.

KijanaMajengo

Nimepiga bekapu. Nimejaribu ALTER TABLE malipo ADD UNIQUE (nambari). Imekataa, kosa 1062. Nifute zile sita?

Mzee_wa_Seva

Inakataa kwa sababu marudio bado yamo. Usifute. Kitabu cha pesa hakipanguswi. Unda jedwali la marekebisho, ile mistari sita ya ziada uihamishie huko pamoja na saa yake na sababu, na salio lisomwe upya. Jedwali liunde kwanza, kisha kuhamisha kote kuwe ndani ya BEGIN na COMMIT, kama alivyosema Nahodha. Baada ya hapo UNIQUE itakubali.

MamaSalma

Naongeza la watu, maana hili la mashine limepata wenyewe. Hiyo mistari sita ni ya wanachama. Ukisahihisha, salio lao litashuka 700 kwenye simu zao, na wao ndio watakaopiga kelele Jumapili kwamba wameibiwa. Ni wangapi?

KijanaMajengo

Watano. Mmoja ana mbili.

MamaSalma

Basi mamako awapigie hao watano mmoja mmoja kabla ya Jumapili, na kabla hujagusa salio. Kila mmoja afungue SMS zake za M-Pesa, ataona siku ile alituma mara moja tu. Uchapishe taarifa ya akaunti ya kipindi chote na orodha ya mfumo, uzipige alama kwa kalamu pale K4Q inapojirudia. Mkutanoni azungumze yeye, wewe ukae kando ujibu ukiulizwa. Na hizo 4,200 mrudishie rafiki yako leo.

Lakini la kwanza kabisa, mwambie mamako. Presha inapanda kwa kutojua, mwanangu. Anajua hakuchukua, ila hajui kwa nini hazilingani.

KijanaMajengo

Ningependa nirekebishe kwanza, nimwambie ikiwa imekwisha.

BintiNyali

Na yule mwanachama mwenye marudio mawili akipiga simu kwa mamako saa hiyo salio limeshuka 1,400, atamjibu nini?

KijanaMajengo

Sawa. Anatoka sokoni saa kumi na mbili jioni. Nitamwonyesha hiyo rekodi ya seva kwenye karatasi, anasoma nambari vizuri kuliko mimi. Rafiki nimemtumia pesa zake sasa hivi.

Msimbo nimeugeuza, jibu linatoka kabla ya SMS. Nimejitumia taarifa ile ile mara tatu kwenye mashine yangu, jedwali la majaribio limeandika moja.

PwaniPython

Na Go je? Umeacha?

KijanaMajengo

Sijaacha. Inasubiri mkutano upite. Na riba nitaiweka kwa senti.

Mzee_wa_Seva

Ukiiweka kwa senti, amua mapema nusu senti inaenda upande gani, na uiandike kwenye sheria za chama, si kwenye msimbo peke yake.