Sanaa na Michezo iko kwenye ratiba tu, watoto wetu hawashiki hata brashi!

Wakuu, hili jambo limenikera mno, acha niliseme.

Mwanangu aliingia darasa la tatu Januari 2024, wakati ule ule mtaala mpya unaanza. Nilifurahi sana kuona Sanaa na Michezo ni somo kamili. Nikajua sasa watachora, watafinyanga, wataimba. Anasoma shule ya serikali huku Mbagala, na huyo mtoto ukimpa kipande cha mkaa anakuchorea daladala na konda wake ananing'inia mlangoni.

Juzi nikafungua daftari lake la somo hilo. "Rangi za msingi ni nyekundu, bluu na njano. Ukichanganya bluu na njano unapata kijani." Yote kwa kalamu ya bluu, na vema ya mwalimu pembeni. Namuuliza, mmeshawahi kuzichanganya? Hapana baba, tulinakili ubaoni. Ukurasa wa pili: zeze, marimba, filimbi, manyanga. Hajagusa hata kimoja!

Mwalimu simlaumu. Hakusomea sanaa, kabebeshwa kipindi juu ya masomo yake mengine, na darasa limefurika. Mitihani ikikaribia, kipindi chenyewe kinakuwa cha Hisabati. Na vifaa anunue kwa hela gani? Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa MWAKA, na humo Sh 4,000 zinabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ndiyo ya chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Rangi za maji zitatoka wapi hapo?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kiongozi akitangazwa kuja kuzindua kitu, ghafla sanaa inakuwa na maana. Watoto wanatolewa madarasani kufanya mazoezi, ngoma zinakodiwa mtaani, wanafungwa kanga viunoni na kusimamishwa juani toka asubuhi kumsubiri mgeni. Wanacheza, wanapigiwa makofi, wanapewa soda. Jioni ngoma zinarudi kwa mwenyewe na shule inabaki mikono mitupu kama ilivyokuwa.

Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni akilalamika kwamba tunajua kucheza rumba na chachacha lakini ngoma zetu kama gombe sugu na lelemama hatuzijui. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, wala si mbali na hapa Dar. Kinatoa wapiga ngoma, wachoraji, waigizaji, na wengi wao wanaishia kutumbuiza hotelini na kwenye harusi. Kwa nini wasipewe hata mkataba, mmoja azungukie shule za kata nzima? Ualimu hawana, sawa, wapeni mafunzo ya muda mfupi. Wasanii wakubwa mnawaita kwenye kampeni na kuwapangia mikopo kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, huku chini wanakotoka hamtii hata shilingi.

Wizara ya Elimu na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), nataka kuona fungu la vifaa vya sanaa likitajwa kwa jina lake kwenye bajeti, litenganishwe na ruzuku ya chaki. Na wazazi wenzangu wa Temeke, Ilala, Kinondoni, fungueni madaftari ya watoto wenu leo hii, mtuambie hapa mmekuta nini.