Sanduku la taa ya zambarau kwa vifaa vya kucha: nimalizie malipo au niache?

Dada Kucha (Jumamosi, saa 2:10 usiku)

Wakuu, mwadila. Nafanya kazi saluni huku Nyakato, Mwanza, upande wangu ni kucha na miguu. Vifaa ni seti moja tu: mkasi wa vinyama vya kucha, kikata kucha, chuma cha kusukumia na kile kisu chenye wembe cha kukwangulia magaga. Kati ya mteja na mteja tunafuta kwa pamba yenye spiriti. Sasa nimeona sanduku lenye taa ya zambarau, muuzaji anasema ndani ya dakika 10 vijidudu vyote vimekufa, hata vya UKIMWI. Bei 120,000, nimeshatanguliza 40,000 za mfukoni mwangu. Swali langu ni moja, linafanya kazi kweli? Au bora Jik? Naombeni majibu ya haraka, sina raha tangu juzi.

Mtoto wa Kirumba (saa 2:24 usiku)

Mimi nazungumzia mashine za kunyolea, maana nako kuna makosa. Zima mashine, fungua meno, toa nywele zote kwa brashi, ndipo upulizie spiriti ya asilimia 70 mpaka meno yalowe, kisha iache ikauke yenyewe. Ule mtindo wa kumwagia spiriti na kuwasha moto mbele ya mteja ni maonyesho tu. Moto unawaka sekunde chache, unaunguza spiriti ileile iliyotakiwa kufanya kazi, chuma hakipati joto la kutosha na makali yanaharibika. Mapunye yanahama kichwa hadi kichwa kwa nywele zilizonasa humo ndani.

Fundi Vyombo (saa 2:41 usiku)

Dada, usimalizie hiyo hela. Mwanga wa namna hiyo unaua pale tu unapogusa. Mkasi una kiungo katikati, una upande uliolalia trei, una ukungu wa mafuta na ngozi ya mguu. Huko kote mwanga haufiki. Na rangi ya zambarau unayoiona siyo ushahidi wa chochote, kwa sababu mionzi inayoua haionekani kwa macho. Sanduku lifanye kazi ya kabati, la kuwekea vifaa vilivyokwisha kusafishwa.

Kazi yenyewe inaanza na kuosha. Fungua mkasi, sugua kwa brashi ya meno, sabuni na maji, hasa kwenye kiungo, suuza, kausha. Watu wanaruka hapa na kukimbilia dawa. Damu na ngozi iliyobaki inaimaliza nguvu Jik kabla haijafika kwenye kijidudu, na spiriti inaigandisha damu juu ya chuma ikawa kama ganda la kuwalinda hao hao unaotaka kuwaua.

Jik: soma chupa. Kama ni asilimia 3.5, chukua kipimo kimoja cha Jik na vipimo 6 vya maji, kwa kikombe kilekile. Hapo umepata nusu asilimia. Loweka dakika 10 kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, suuza kwa maji safi, kausha kabisa, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Changanya mpya kila asubuhi. Ikichafuka mapema, mwaga hata kama ni saa 4 asubuhi. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala na spiriti, gesi yake inachoma mapafu.

Spiriti: kupitisha pamba hakutoshi, inakauka kabla haijamaliza kazi. Zamisha kifaa kikavu kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10. Kikiwa na maji, kinaizimua.

Ukichemsha, hesabu dakika 20 tangu maji yanapotokota, vyuma vyote vikiwa vimezama. Ukitumbukiza kingine katikati, unaanza kuhesabu upya. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo dakika tano za kubabaisha hazifai. Mbegu za pepopunda zinabaki hai hata kwenye maji yanayochemka. Zile dawa yake ni mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 20.

Tupa za kucha za mbao na karatasi, vijiti, sponji za kutenganisha vidole: hivyo havisafishiki. Mpe mteja aondoke navyo au vitupe. Na hiyo 80,000 iliyobaki nunulia seti mbili za ziada. Kuosha, kuloweka na kukausha ni karibu dakika 25, na mwenye seti moja hawezi kuzingoja mteja akiwa kwenye kiti. Ndiyo maana mnafuta kwa pamba.

Bi Nansio (saa 2:52 usiku)

Fundi ameeleza vizuri. Mimi nimebaki kwenye neno moja, "sina raha tangu juzi." Juzi ni Alhamisi. Kulitokea nini Alhamisi, mwanangu?

Dada Kucha (saa 3:03 usiku)

Shikamoo mama. Ni mawazo ya kazi tu. Fundi asante, ila Jik si inaozesha vyuma? Bosi atanikata mshahara. Na maji huwa yanatusumbua, bomba likikatika tunatumia ya ziwani, sijui kama hayo yanafaa kuchanganyia.

Mwalo wa Igombe (saa 3:15 usiku)

Hapo kwenye maji ya ziwani msipapite haraka. Mnaloweka miguu ya watu humo dakika 15, mteja ana magaga yaliyopasuka, na wewe mikono iko ndani siku nzima. Kichocho hakinywewi, kinaingia kwa ngozi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ufukweni, na kile cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana. Anayechota kwenye matete muda huo anachota kipindi kibaya kuliko vyote. Kuchuja kwa kitambaa hakuvizuii.

Habari njema ni kwamba vinakufa vyenyewe. Maji yakikaa siku mbili kamili, saa 48, kwenye tanki lililofunikwa lisilo na konokono, vimekwisha. Au yapashe moto mpaka nyuzi 50 na zaidi, yakae hivyo dakika 5, ndipo uyaache yapoe. Wekeni mapipa mawili, moja la leo na moja linalosubiri, myaandike tarehe kwa chaki.

Na beseni lenyewe lioshwe kwa sabuni kila mteja anapotoka, kisha Jik. Yale ya kupuliza mapovu yana kichujio ambacho nywele na ngozi hunasa nyuma yake. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu ya miguu yaliyokaa miezi, bakteria wakiwa wamezaliana nyuma ya vichujio hivyo. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kuja ndio walioathirika zaidi. Beseni la plastiki la kawaida, lisilo na mashine, ni salama kuliko hilo la kifahari.

Fundi Vyombo (saa 3:20 usiku)

Kinachokula chuma ni kukiacha humo zaidi ya dakika 10 na kutokisuuza. Mkasi ukiokoka kutu ni kwa sababu ya kitambaa kikavu.

Bi Nansio (saa 3:26 usiku)

Hujanijibu. Umejikata?

Dada Kucha (saa 3:38 usiku)

Ndiyo mama. Alhamisi, kama saa 11 jioni. Nilikuwa namkwangua mteja kisigino, wembe ukamkata, damu ikatoka. Niliposhtuka ukateleza ukanichana kidole gumba cha kushoto. Damu yake ilikuwa kwenye wembe. Nilibana kidole damu itoke, nikamwagia Jik ileile ya chupa bila maji. Mteja ni mtu mzima, amenawiri, ana familia yake, hana dalili ya ugonjwa wowote. Nimeamua nitapima baada ya miezi mitatu. Ndiyo maana niliuliza sanduku, yasijirudie.

Zamu ya Usiku (saa 3:47 usiku)

Dada, weka sanduku pembeni kabisa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Alhamisi saa 11 jioni mpaka sasa ni karibu saa 53. Mwisho wako ni kesho Jumapili saa 11 jioni, ila usiingoje. Nenda usiku huu huu hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, idara ya dharura, au Bugando. Sema maneno haya: nimejikata kazini kwa wembe wenye damu ya mtu mwingine, Alhamisi saa 11 jioni. Taja saa.

Watakupima kwanza, VVU na homa ya ini B. Usione wanakuchelewesha. Vidonge vinavyotumika sana vina dawa mbili zinazobana pia kirusi cha homa ya ini B, na mwenye ugonjwa huo akiviacha ghafla baada ya siku 28 ini linaweza kuwaka, kwa hiyo lazima wajue mapema. Ukipewa ni siku 28 bila kuruka. Vidonge vya madini ya chuma au vya kiungulia usivimeze pamoja navyo bila kumuuliza aliyekupa. Kisha unapima tena wiki ya 6 na mwezi wa 3.

Kunawiri siyo kipimo. Na kinachonitisha zaidi kwako ni homa ya ini B. Kwa mhudumu aliyechomwa sindano yenye damu ya mgonjwa, VVU huambukiza kama mara 3 katika 1,000. Homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, ni mara 6 mpaka 30 katika kila 100. Kirusi chake kinaishi juu ya chuma kikavu siku 7 au zaidi. Chanjo hiyo iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Omba dozi ya kwanza hukohuko, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6.

Kidonda usikibane tena wala kukitia Jik, inaunguza nyama na kuacha mlango wazi. Maji yanayotiririka na sabuni, basi.

Shemeji Butimba (saa 3:58 usiku)

Nyote mnamsonga binti, na bosi je? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Glavu jozi mpya kila mteja, na wembe mpya unaofunguliwa mteja akiona. Dada aandike taarifa ya ajali, tarehe, saa, kidole, abaki na nakala. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unadai maandishi.

Sangara Mbishi (saa 4:06 usiku)

Samahani, mimi naona chai. Uzi unaanza na bei ya sanduku, unaishia na kidole. Kesho atakuja mtu na namba ya simu ya muuzaji. Nyakato na ziwa wapi na wapi? Na kama alijikata Alhamisi, Ijumaa ni siku ya wateja wengi, alifanyaje kazi na gumba lililochanwa?

Mtoto wa Kirumba (saa 4:11 usiku)

Hata mimi hilo la Ijumaa limenisimamisha.

Dada Kucha (saa 4:29 usiku)

Siuzi chochote. Maji yanaletwa kwa guta kutoka Igombe, bosi anaishi huko. Ijumaa nilifanya kazi, nilifunga plasta. Saa 4 asubuhi kulikuja mteja wa kucha. Nilibadilisha wembe, ila mkasi ulikuwa uleule niliomalizia nao Alhamisi, niliufuta kwa spiriti. Alitoka damu kidogo sana pembeni ya ukucha. Kidogo mno. Ndiyo hiyo inayoninyima usingizi. Nikimwambia nitafukuzwa kazi, na hospitali nikipanga foleni ya CTC, ile kliniki ya VVU, nitaonekana na watu wa mtaa.

Sangara Mbishi (saa 4:33 usiku)

Nimeondoa neno langu, dada. Nenda.

Shemeji Butimba (saa 4:36 usiku)

Kumficha mtu jambo la mwili wake ni dhambi, kazi itapatikana nyingine.

Zamu ya Usiku (saa 4:44 usiku)

Shemeji, tumpe njia. Dharura usiku siyo foleni ya CTC, unaingia kama aliyeumia mwingine yeyote. Huyo wa Ijumaa saa yake inaisha Jumatatu saa 4 asubuhi. Kama kulikuwa na damu ya Alhamisi, inawezekana ni ya mteja wa kwanza au yako mwenyewe, kwa hiyo majibu yako yanamsaidia na yeye. Yule wa Alhamisi muombe kwa upole apime. Kupima ni hiari yake kwa sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008, usimlazimishe. Akikubali na akawa hana, daktari anaweza kukusimamishia dawa.

Bi Nansio (saa 4:50 usiku)

Una nauli ya bodaboda?

Dada Kucha (Jumapili, saa 6:40 mchana)

Ninayo mama, nilikwenda usiku uleule. VVU sina, homa ya ini B sina. Nimechanjwa bega la kushoto, kidonge cha kwanza nimemeza saa 7 na dakika 20 usiku. Wa Alhamisi amekubali kupima kesho. Wa Ijumaa nimempigia mara tatu, hapokei.

Zamu ya Usiku (saa 6:52 mchana)

Mtumie ujumbe mfupi usio na neno UKIMWI, simu inaweza kushikwa na mtu mwingine: "Dada, ni mimi wa kucha. Kifaa nilichokutumia Ijumaa hakikusafishwa sawasawa. Naomba uende hospitali kabla ya Jumatatu saa 4 asubuhi, nipigie nikueleze."

Dada Kucha (saa 7:31 mchana)

Amepiga. Yuko gati la Kamanga anasubiri kivuko, anarudi kwao Sengerema. Alinyamaza sana, nikadhani amekata simu. Nimwambie arudi mjini?

Zamu ya Usiku (saa 7:33 mchana)

Asirudi kama haoni haja, avuke. Hospitali ya Sengerema iko njiani kwake. Aingie dharura leo hii, ataje Ijumaa saa 4.