Wamisionari wa Kenya walisimama upande gani mwaka 1919?

Mjukuu wa Mwalimu:
Wakubwa zangu, shikamooni. Babu yangu alijifunza kusoma katika shule ya misheni huko Nyanza, akawa mwalimu, na nyumbani kwetu mmisionari hutajwa kwa shukrani tu. Chuoni nimekuta wanaosema kwamba Biblia ilitangulizwa ili bunduki ipite. Kauli zote mbili hazitaji mwaka wala mtu. Naomba nielezwe tukio moja la hakika, ambapo serikali ya kikoloni iliwadhulumu Waafrika waziwazi na wamisionari wakalazimika kusema neno.

Msomaji wa Nyaraka:
Marahaba. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka maofisa wa wilaya, machifu na wazee wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu, na kumbukumbu ziwekwe za machifu waliosaidia na wasiosaidia. Lililoandikwa ni kuhimiza, lakini chifu anayejua kuwa mwenendo wake unaandikwa daftarini atalazimisha. Maaskofu Waanglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta John Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland, waliliona hilo na wakalionya. Hata hivyo hawakuikataa shuruti yenyewe. Walitaka iwekwe wazi katika sheria, iwe na mipaka, na ielekezwe kwenye kazi za serikali. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapolisoma, kwa sababu walikuwa watu waliowajua waumini wao kwa majina.

Mwana wa Pwani:
Si wote waliokubali. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipinga kazi ya kulazimishwa kwa namna yoyote ile, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu ambacho kwa jina lake tu kiliwaita Waafrika watwana wa Uingereza. Lakini askofu huyohuyo, mwaka 1916, alikusanya wapagazi Zanzibar na kuwaongoza bara kulibebea mizigo jeshi la Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo wapagazi walikufa kwa maelfu na kutuachia jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kuhusu agizo la Northey, mwaka 1921 Winston Churchill, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwazuia maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Bibi wa Gem:
Mjukuu wangu, msiwasahau Waafrika wenyewe. Harry Thuku, aliyesomeshwa na wamisionari kule Kambui, ndiye aliyeongoza upinzani dhidi ya kipande (kitambulisho cha kazi ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na kupunguzwa kwa mishahara, hadi alipokamatwa Machi 1922. Huku kwetu Nyanza vijana waliosoma misheni walikuwa wameanzisha chama chao cha kudai haki, na mwaka 1923 mmisionari Mwanglikana Walter Owen, mwenye cheo cha Archdeacon, akakigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, kikihimiza kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Alikilinda kisipigwe marufuku, na papo hapo akakipoza makali. Walowezi walimchukia, kwa kuwa aliandikia magazeti ya Uingereza kupinga wanawake na watoto kulazimishwa kazi za barabara. Mimi namheshimu kwa barua hizo, lakini simsamehe kwa kukichukua chama kutoka mikononi mwa waliokianzisha.