Mamangu ameandikiwa skani ya nyongo ya mionzi, aliyepitia anieleze

Bint Mkomani, Lamu:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mamangu ashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, haswa akila kitu cha nazi nzito au mahamri, mpaka anajikunja na kutapika. Ultrasaundi amepigwa, jiwe halikuonekana hata moja. Sasa daktari ameandika skani ya HIDA na itabidi tuende Nairobi. Mama kusikia mionzi amekataa kabisa, asema hawezi kurudi nyumbani akawadhuru wajukuu. Na siku tuliyopewa ni Alhamisi na yeye hufunga sunna, je aende na saumu yake? Mwenye kujua tafadhali.

Mtu wa Maweni, Malindi:
Waalaykum salaam dadangu, mpe mama pole. Mimi nimefanyiwa. Unalala chali, unadungwa sindano ya dawa ya mionzi kwenye mshipa, halafu kamera kubwa inashushwa juu ya tumbo karibu ikuguse na kazi yako ni kutulia kama saa nzima. Mimi niliona kwenye skrini ini linang'aa kwanza halafu kijifuko cha nyongo kikatokea polepole. Sehemu ya pili ndiyo ajitayarishe, wanampa dawa kwa dripu ya kukifanya kile kifuko kijikamue, na hapo anaweza kusikia maumivu yake yaleyale ama kichefuchefu, asinyamaze, awaambie. Halafu wanapima kimetoa asilimia ngapi, dripu ikiwa ni ya saa nzima basi chini ya 38 ni dhaifu. Kifuko kisipoonekana mapema huenda akapigwa picha zingine mpaka saa ya nne baada ya sindano kwa hivyo msikate tiketi ya kurudi siku hiyohiyo.

Nesi wa Langoni:
Bint Mkomani, sunna aiwache siku hiyo. Wanataka asile kwa masaa 4 mpaka 6 hivi, lakini akikaa bila kula zaidi ya masaa 24 nyongo inajaa na kuwa nzito, dawa haiingii vizuri na majibu yanapotosha. Tena mahali pengine badala ya dripu hupewa maziwa yenye mafuta anywe, saumu itakuwa wapi?

Wajukuu asihofu. Hiyo dawa ya mionzi ya sindano ni teknesiamu, nguvu yake hupungua nusu kila masaa 6, na nyingi hutoka kwa choo. Anywe maji, anawe mikono vizuri, watoto wadogo asiwapakate muda mrefu siku hiyo. Mkifika jeti ya Mokowe kesho yake hakuna cha kuogopa.

Kubwa ambalo hukuuliza: anameza dawa gani za maumivu?

Bint Mkomani, Lamu:
Allah awalipe kheri. Anameza tramadol yakimzidi.

Nesi wa Langoni:
Hiyo sasa mpigie daktari leo. Dawa za jamii ya tramadol, kodini na mofini hubana ule mlango wa nyongo kwenye utumbo, skani ikaonyesha njia imeziba na haijaziba. Daktari ndiye atasema aiwache lini na ameze nini badala yake, usimkatize mwenyewe akabaki na uchungu.

Bint Mkomani, Lamu:
Nampigia sasa hivi, na nitauliza kama wao hutumia dripu ama maziwa, maana maziwa mabichi mama humvuruga tumbo.